Ukipimwa Njiani, Jina Lako Linakwenda Wapi?

Ukitoka Newala kwenda Msumbiji kwa gari, utapita Masasi, utafika Mangaka, halafu utateremka mpaka Mtambaswala. Hapo pana Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma. Daraja hilo lina urefu wa mita 720. Lilifunguliwa mwaka 2010. Kabla ya hapo watu wetu walivuka kwa mitumbwi. Wengine wanavuka hivyo mpaka leo, kwa sababu mjomba yuko ng'ambo, shamba liko huku, na ngoma ya jando haingoji gari.

Mpakani kuna watu wa kazi tatu. Mtu wa uhamiaji anatazama hati yako ya safari. Mtu wa forodha anatazama mzigo wako. Mtu wa afya anatazama kama unaumwa. Wananchi wengi huwaona wote watatu kuwa ni mtu mmoja, kwa kuwa wote wana meza na wote wana kalamu. Makala hii inamhusu huyo wa tatu.

Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, mtu wa afya hufanya mambo mawili. Anakupima, na anakuandika. Wananchi wengi huogopa kuandikwa kuliko kupimwa. Kipimo kikiuma, kinauma mara moja. Jina likiingia daftarini, mwenye jina hajui litakaa huko mpaka lini, wala nani atalisoma. Wengine hudhani daftari la afya ni la polisi. Wengine huogopa kwamba jirani atasikia habari zao kabla hawajafika nyumbani. Hofu hiyo siyo ujinga. Ina sababu zake, na mtu mwenye sababu anastahili kujibiwa.

Mtu akiogopa asijibiwe, hutaja jina la uongo, au huliacha daraja akaenda kutafuta mtumbwi. Kwa siku ile anaona ameokoka. Lakini kama kwenye basi alikaa karibu na mgonjwa, hakuna atakayeweza kumfuata na kumwambia.

UGONJWA ULIOPATA JINA KWETU

Kabla ya kusema habari za Korona, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1952 na 1953 watu wa uwanda wa Makonde waliugua homa kali. Viungo viliuma sana, na wengine walitembea wamejikunja. Wenyewe wakauita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunja. Wageni walilitamka neno hilo kwa namna yao, likawa "chikungunya". Leo waganga wa India, Brazil na Ufaransa hutumia neno hilo, na wengi wao hawajui kwamba limetoka Newala.

Mwanzoni ugonjwa huo ulifanana sana na homa nyingine, ile iitwayo dengue. Kwa macho tu ilikuwa vigumu kuzitenganisha. Madaktari wawili, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1955. Damu ya wagonjwa ilichunguzwa katika maabara ya Entebbe, Uganda. Maabara ni nyumba ya kuchunguzia damu, makohozi, mkojo na vitu vingine vya mwilini. Mwaka 1956 mtaalamu aitwaye Ross alieleza kirusi kilichopatikana katika damu ile. Hapo ikajulikana kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kwamba unaenezwa na mbu.

Mbu wenyewe walikuwa ndani ya nyumba. Mzee yeyote wa Newala atakuambia taabu ya maji ya zamani. Akina mama waliteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, na maji yaliyopatikana kwa jasho hivyo hayakumwagwa. Yaliwekwa ndani siku nyingi, na mbu wa namna hii hupenda kutaga mayai katika maji kama hayo. Mtungi bila kifuniko bado ni hatari ile ile.

Habari hii ina mambo mawili ya kutufaa leo. La kwanza, kipimo kilionyesha jambo ambalo macho hayakuweza kuliona. La pili, elimu iliyotoka katika damu ile imewafaa watu wa dunia nzima. Ili iwafae, haikuwapasa watu hao kujua damu ilikuwa ya nani, ni mtoto wa nani, au anatoka ukoo gani. Walihitaji kuujua ugonjwa.

KIPIMO KINASEMA NINI

Kipimo cha Korona kilikuwa cha namna mbili. Katika namna ya kwanza, mganga huingiza kijiti chenye pamba puani au kooni. Kijiti hicho hupelekwa maabara, na mashine hutafuta alama za kirusi chenyewe hata kama ni kidogo sana. Kipimo hicho huitwa PCR. Majibu yake huchukua saa nyingi, pengine siku, hasa kama maabara iko mbali. Namna ya pili ni kipimo cha haraka. Hicho nacho hutumia kijiti, lakini majibu hutoka pale pale katika muda wa nusu saa au chini yake. Ni chepesi, lakini huweza kumkosa mtu mwenye kirusi kidogo mwilini.

Sasa sikiliza vizuri. Mkulima wa korosho ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Unapopeleka korosho zako ghalani kwa chama cha msingi, karani huchukua chache kutoka katika gunia. Huzitazama kama ni kavu na kama ni nzima, kisha husema hizi ni daraja la kwanza au la pili. Neno lake ni la kweli kwa siku hiyo. Korosho hizo zikinyeshewa kesho, cheti cha jana hakitazikausha.

Kipimo cha ugonjwa ni hivyo hivyo. Kinasema hali ya mwili wako saa ile kijiti kilipoingia puani. Mtu aliyeambukizwa jana huenda leo asionekane na kitu, kwa kuwa kirusi bado ni kidogo. Baada ya siku chache huonekana. Ndiyo sababu vyeti vya safari viliwekewa muda. Saa 72, yaani siku 3, zilihesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa. Wasafiri wengine walianza kuhesabu siku waliyopewa karatasi, wakarudishwa mlangoni mwa ndege. Kwa mtu wa vijijini muda huo ni mfupi. Sampuli ikichukuliwa mbali na maabara, sehemu ya saa hizo huishia barabarani. Waliotunga masharti hayo walifikiria zaidi viwanja vya ndege kuliko vituo vya mabasi.

MASHARTI YALIVYOKUJA NA YALIVYOONDOKA

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini kwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kwa Kiswahili ugonjwa huo uliitwa UVIKO-19. Shule zilifungwa. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Tarehe 18 Mei 2020 anga ilifunguliwa tena, na mwezi wa Juni wanafunzi walianza kurudi madarasani. Kuanzia Mei 2020 hesabu za wagonjwa hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mahali ambapo hesabu haitajwi, uvumi huchukua nafasi yake. Tuliusikia wote, masokoni na mazikoni.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021 msafiri aliyeingia nchini alitakiwa kuwa na cheti cha PCR cha ndani ya saa 72. Alijaza pia fomu ya afya ya msafiri kwa njia ya mtandao. Fomu hiyo iliuliza anatoka wapi, amekaa kiti gani, atalala wapi na simu yake ni ipi. Wengi walipimwa tena walipofika. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya watu. Tarehe 17 Machi 2022 waliokamilisha chanjo waliondolewa sharti la kuleta cheti cha kipimo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena.

Masharti yale ya vyeti vya Korona yamekwisha ondolewa. Basi mtu asikudanganye stendi akakuuzia cheti ili uvuke mpaka. Wakati ule watu walikamatwa na vyeti vya kughushi katika Afrika ya Mashariki, na walipoteza fedha na safari pia. Cheti kinachofahamika tangu zamani ni ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hudaiwa kwa watu wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo ikishaandikwa katika kadi hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kadi, kwa hiyo usiitupe kwa kuwa imechakaa.

MADEREVA WALIVYOPATA TAABU

Watu waliouonja ukali wa masharti haya kuliko wengine ni madereva wa malori. Mwezi wa Aprili 2020 Uganda ilianza kuwapima madereva wote mipakani. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria. Mizigo iliruhusiwa, lakini dereva alitakiwa kupimwa kwanza. Malori yakapanga foleni Namanga. Kisha ukazuka ubishi, kwa sababu majibu yaliyotolewa upande mmoja yalikataliwa na upande wa pili. Baadaye nchi zilikubaliana kwamba dereva apimwe kabla ya kuondoka kwao, na cheti chake kitumike kwa siku 14.

Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mpango wa simu. Cheti cha dereva kilionekana katika simu, na njia aliyopita ilionekana pia. Kwa mganga, hilo lilikuwa jambo jema. Dereva akigundulika kuwa mgonjwa, mahali aliposimama pangejulikana upesi. Lakini jiweke katika nafasi ya dereva. Simu iliyo mfukoni mwake inasema alisimama wapi na kwa muda gani. Habari hizo zikibaki kwa mganga, zinaokoa maisha. Zikimfikia tajiri wa lori, mke, au mgomvi wake, zina kazi nyingine kabisa. Na bila hata ya simu, madereva walikwisha pata sifa mbaya. Waliitwa waleta Korona. Mahali pengine walikataliwa chakula na chumba, hata wale ambao majibu yao yalionyesha hawana ugonjwa.

Huo ndio ubaya wa habari ya afya inapotoka mahali pake. Humdhuru mgonjwa, na humdhuru hata mzima.

KWA NINI WANATAKA SIMU YAKO

Sasa tutazame upande wa pili, maana mtu wa afya naye ana haki ya kusikilizwa.

Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba Vijijini, mkoa wa Kagera. Ni ugonjwa wa kutisha, ndugu yake Ebola. Watu 9 waliugua na 6 wakafa. Mmoja wa waliokufa alikuwa mtumishi wa afya. Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo kila mtu aliyemgusa mgonjwa, aliyemwosha maiti, au aliyelala nyumba moja naye, alitafutwa na kutazamwa kila siku kwa siku 21. Aliyeanza kupata homa alitengwa mapema ili asiambukize watoto wake. Tarehe 2 Juni 2023 ugonjwa ulitangazwa kwisha. Haukuvuka Kagera.

Bukoba ni mbali na Newala. Lakini hebu fikiri kwamba mmoja wa watu wale angekuwa amepanda basi. Mganga angekuwa na orodha ya abiria mbele yake. Katika orodha hiyo abiria mmoja ameandikwa "Juma, Masasi", bila simu, bila kijiji. Masasi ina akina Juma wangapi? Siku 21 zingekwisha mganga angali anauliza njiani.

Basi kila swali lina kazi yake. Simu ni ya kukuita. Namba ya kiti au jina la basi ni la kujua ulikaa karibu na nani. Mahali ulipotoka panaonyesha ugonjwa ulipo. Mahali unapokwenda panaonyesha zahanati gani ipewe habari. Ukitaja unapokwenda, taja kijiji, kata na kitongoji. Kama huna simu, taja ya jirani au ya mwenyekiti wa kitongoji, lakini mwambie mwenye simu kwamba umeitaja.

Jina nalo lina mambo yake huku kwetu. Mtu ana jina la utotoni, ana jina alilotoka nalo jandoni, ana jina la shule, na kijijini anaitwa Baba Fulani. Kitambulisho kinasema moja, watu wanasema jingine. Taja la kitambulisho, kisha ongeza lile unaloitwa nyumbani. Anayekutafuta atauliza kijijini, na kijiji hakijui la kitambulisho.

Tuchukue mfano. Mama mtu mzima amefika mezani kwa kijana wa afya, na nyuma yake kuna foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba jina lako na namba ya simu."

"Ya nini, mwanangu? Mimi nakwenda unyagoni kwa mjukuu wangu, siyo dukani."

"Ni kwa ajili ya kukupigia, mama, kama katika gari lenu atapatikana mgonjwa. Tutakupigia ndani ya siku 21. Zikipita bila simu yangu, ujue ni salama."

"Na daftari lako hili anasoma nani?"

"Mimi, na mganga wa wilaya."

"Haya. Basi na huyu anayenipumulia mgongoni asogee nyuma kidogo, ndipo nikutajie."

Mama huyo ameuliza maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. Kijana aliyafahamu majibu kwa sababu amefundishwa kazi. Akiulizwa hivyo, mtu wa afya asikasirike. Na asiyeweza kusema daftari lake linasomwa na nani, hafai kushika daftari hilo.

DAFTARI LILILOACHWA WAZI

Taabu kubwa ya madaftari haiko katika mashine wala katika Serikali kuu. Iko pale mezani. Daftari liko wazi, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila anayekuja anaandika chini ya aliyemtangulia. Unaandika jina lako huku unasoma majina 15 ya wenzako pamoja na simu zao. Anayekuja nyuma atasoma lako.

Jambo hili tumelizoea katika nyumba za kulala wageni. Daftari la wageni huuliza jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Anayefika usiku anaweza kujua nani yuko chumba cha pili na ametoka wapi. Tumelizoea hata hatulioni. Wakati wa Korona madaftari kama hayo yaliongezeka milangoni mwa ofisi na mahali pa kazi. Msichana anaandika namba yake kwa ajili ya mganga. Jioni anapigiwa na mwanamume asiyemjua, ambaye aliisoma akiwa katika foleni. Msichana huyo safari nyingine ataandika namba ya uongo, na nani atamlaumu? Lakini siku ugonjwa ukija kweli, namba hiyo ya uongo ndiyo mganga atakayoipiga.

Dawa yake haina gharama. Mtumishi aandike mwenyewe badala ya kumwachia kila mtu kalamu. Kama watu ni wengi, afunike mistari ya juu kwa karatasi ngumu. Aulize kwa sauti ya chini, na foleni isimame hatua kadhaa nyuma. Hapo pana faida ya pili, kwa sababu watu wakiachana nafasi hawapumuliani. Majibu ya kipimo yasiandikwe katika daftari moja na majina ya mlangoni. Jioni daftari lifungiwe kabatini, lisiachwe mezani. Siku za kufuatilia zikipita, wenye kazi waamue mapema ni lini karatasi za mlangoni zitachomwa. Zisije zikawa za kufungia karanga sokoni.

Wewe nawe una sehemu yako. Usipige picha cheti chako ukakituma katika kundi la simu ili watu waone umepona au umechanjwa. Cheti kina jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, na pengine namba ya hati ya kusafiria. Vyeti vingine vina alama ya vijiraba vyeusi na vyeupe. Alama hiyo simu huweza kuisoma, na mambo yaliyofichwa ndani yake yakatokea. Mwonyeshe mwenye haki ya kukiona, kisha kiweke. Na usipeleke picha ya mtu mwingine akiwa karantini. Karantini ni kutengwa kwa siku fulani mpaka ijulikane kama mtu anaumwa au haumwi. Siyo adhabu, na aliyetengwa hajafanya kosa.

SIRI YA AFYA INA WATU WAKE

Wengine huuliza: kama habari yangu ni siri, mbona mganga alimwambia mganga wa wilaya? Ni swali zuri. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawataka watumishi wa afya watoe taarifa kwa wakubwa wao wanapokuta magonjwa fulani ya hatari. Mganga akinyamaza, amevunja sheria. Siri ya afya maana yake ni kwamba habari ijulikane na wale ambao kazi yao haiwezi kufanyika bila kuijua. Mganga wa wilaya yumo. Mtu wa maabara yumo. Dereva wa gari la wagonjwa aelezwe vya kutosha kujikinga. Muuza duka hayumo, hata kama ni shemeji wa mganga.

Watu wetu wanalifahamu jambo hili kwa upande wa VVU. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na tumezoea kuingia chumba cha ushauri mmoja mmoja. Magonjwa ya mlipuko yanataka heshima ile ile, ila kwa haraka zaidi.

Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni habari zinazomtambulisha mtu, kama jina, simu, picha na makazi. Sheria inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, yaani zinazotaka ulinzi zaidi. Anayechukua habari zako anapaswa kuwa na sababu halali na kukuambia sababu hiyo. Zilizochukuliwa kwa kazi moja zisitumike kwa kazi nyingine isiyohusiana nayo. Unaweza kuomba kuona kilichoandikwa juu yako, na kikiwa na kosa kirekebishwe. Sheria ina mipaka pia. Yako mambo, kama usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, ambayo inayaruhusu kupita. Ni vizuri kulijua hilo mapema kuliko kuahidiwa siri isiyo na mpaka.

Namna ya kutangaza ugonjwa bila kumtangaza mgonjwa inawezekana. Tarehe 10 Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba watu wawili wamepatikana na ugonjwa wa mpox, ule unaotoa vipele vyenye maji au usaha. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori la mizigo aliyetoka nchi jirani. Tukaambiwa dalili na namna ya kujikinga. Hayo yalitosha. Aliyesafiri na malori alijua ajitazame ngozi, na hakuhitaji kujua dereva yule anaishi nyumba ipi.

Kijijini kazi hii ni ngumu zaidi, maana watu wanajuana. Ukisema "mwanamke mmoja wa kitongoji fulani aliyetoka Msumbiji juzi", umekwisha mtaja. Viongozi wa vitongoji na wahudumu wa afya wa jamii walifikirie jambo hilo kabla ya kusimama mkutanoni. Waseme ugonjwa umeingia kata yetu, dalili zake ni hizi, mwenye nazo aende zahanati hii. Familia ya mgonjwa iendewe nyumbani, bila gari lenye kelele.

Ukiona daftari la afya limeachwa wazi, au majibu yako yamesemwa kilabuni, anza na mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya. Mweleze siku, mahali, na neno lililosemwa. Asiposikiliza, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Juu ya hapo iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa tarehe 3 Aprili 2024, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Kama kuandika barua ni kazi ngumu, mwalimu wa darasa la kisomo anaweza kukusaidia, na barua fupi inatosha. Na kama umetoka safari ukasikia homa, vipele au kutapika, piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Simu hiyo ni ya bure. Utaulizwa umetoka wapi na ulisafiri na gari gani.